Ukitembea kwenye kinamasi cha mjini, fuata maji

Watu wakisikia mjini kuna njia ya kutembea kwenye kinamasi, la kwanza wanauliza kuna ndege gani, la pili wanauliza mbu. Yote mawili nitayafikia, lakini mi nikienda sehemu kama ile naanza na maji, maana usipojua maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi utatembea mwanzo mpaka mwisho ukaona majani na ndege wawili watatu, halafu utatoka ukisema pazuri, pametulia, basi. Pazuri kweli na pametulia kweli, ila pale kuna kazi inafanyika usiku na mchana na ukijua pa kuangalia unaiona kabisa, na tangu nianze kuiona siwezi tena kupita pembeni ya kinamasi nikakiita pori au kiwanja kilichokaa bure.

Njia zenyewe karibu zote zinafanana. Kuna kipande cha kokoto au udongo ulioshindiliwa pale pakavu, halafu unapanda daraja la mbao lililonyanyuliwa juu ya tope kwa nguzo, unaingia katikati ya matete yaliyokuzidi urefu, unatokea kwenye maji wazi, unakuta kibanda chenye vidirisha vyembamba vya kuangalizia ndege, afu njia inazunguka inakurudisha ulikotoka. Mwenye haraka zake anaimaliza chap. Mi nakaa nusu siku na bado naondoka roho haitaki.

Sasa tafuta kwenye kile kibao cha ramani, au muulize mlinzi, maji yanaingilia wapi. Mara nyingi ni kona mbaya kuliko zote, kona ambayo hakuna mtu anapiga picha. Kuna bomba kubwa la zege au mfereji unaotoka barabarani, kuna chupa za plastiki zimekwama, povu, maji ya kijivu, na harufu. Watu wanapita hapo fasta wakiwa wameshika pua. Mi nakuomba usimame hapo dakika chache, maana hapo ndo mji unaingia kinamasini. Mji umefunikwa lami na mapaa na sakafu, mvua ikinyesha haina pa kuzama, inakimbia yote kwa pamoja ikiwa imebeba mafuta yaliyodondoka kwenye magari, vumbi la tairi, chembechembe za chuma za breki, udongo wa viwanja vinavyojengwa, mbolea ya bustani, vinyesi vya wanyama, na kila kitu mtu alichotupa akidhani kimepotea. Vyote hivyo vinatokea kwenye lile bomba.

Hapo fanya kitu kimoja, chagua jani moja kavu linaloelea ulifuate kwa macho. Likitoka kwenye bomba linakwenda mbio, linapinduka, linagonga ukingo. Kinamasi kilichopangwa vizuri kina bwawa la kina kirefu kidogo mara tu baada ya bomba, kwa hiyo jani likifika pale linazungushwa mara moja mbili, linapunguza, linaanza kwenda polepole mpaka unadhani limesimama. Sasa kama jani limepunguza spidi ujue na maji yamepunguza, na maji yakipunguza spidi hayana tena nguvu ya kubeba mchanga na tope, yanaviachia. Kinachozama kwanza ni mchanga, ndo maana karibu na bomba kunakuwa na kijifungu cha mchanga ambacho ndege wanapenda kusimama, halafu mbele kidogo linazama tope laini, na vyuma na mafuta mengi huwa yameng'ang'ania kwenye chembe za tope, kwa hiyo vinazama nalo. Hiyo ni kazi ya kwanza na haijahitaji mtambo wala umeme, ni nafasi tu na muda wa kutulia, vitu viwili ambavyo mfereji wa zege hauyapi maji hata kidogo.

Halafu unaingia kwenye matete. Hapa ndo pananivutia kuliko kote, na ndo sehemu ambayo wengi wanaiona kama ukuta wa majani unaozuia kuona ziwa. Tafuta tete kavu la zamani lililokatika pembeni ya daraja, uliangalie pale lilipokatika, lina uwazi katikati kama mrija. Ule uwazi una kazi. Tope la kinamasini halina oksijeni, ukishuka chini kidogo tu imeisha, mmea wa kawaida ungeoza mizizi, lakini tete linashusha hewa kutoka juu kupitia shina mpaka mizizini, na mizizi inavujisha kidogo ya hiyo oksijeni kwenye tope linaloizunguka. Kwa hiyo kila mzizi umezungukwa na kautandu kembamba ka tope lenye hewa, na hatua chache nje yake, hatua za mdudu nasema, hakuna hewa kabisa. Pale mpakani wanakaa bakteria wa aina mbili tofauti, jirani kwa jirani. Wale wanaopenda hewa wanachukua amonia iliyotoka kwenye vinyesi na mkojo wanaigeuza kuwa naitreti, naitreti inasogea kwenye tope lisilo na hewa, wale wasiopenda hewa wanaichukua wanaigeuza kuwa gesi ya naitrojeni, na gesi inapanda inaingia hewani, hewa ambayo tayari zaidi ya robo tatu yake ni naitrojeni hiyohiyo. Yaani uchafu uliokuja na bomba unaondoka ukiwa sehemu ya hewa tunayovuta na haumdhuru mtu. Mi nikisimama pale kwenye matete nikikumbuka kwamba hicho kitu kinatokea sasa hivi chini ya mbao nilizosimamia, kwa kweli nasisimka.

Zamani wengi waliamini mimea kama hii haiwezi kuishi kwenye maji machafu sana. Aliyekomaa kuonyesha vingine ni mwanasayansi mwanamke wa Ujerumani, Käthe Seidel, ambaye kuanzia miaka ya 1950 alikuwa anaotesha mimea ya kinamasi kwenye maji taka na kupima kinachoingia na kinachotoka. Leo kuna vinamasi vya kutengenezwa vya kusafishia maji sehemu nyingi sana duniani, na ukifuatilia historia yao unarudi kwa yule mama na mimea yake.

Ila tusikipe kinamasi sifa ambazo sio zake. Fosforasi haina njia ya kutoka kama gesi, inabaki kwenye tope na kwenye mimea, na tope likijaa inaanza kurudi majini. Vyuma vizito navyo havipotei, vimelala tu pale chini. Plastiki ndo kabisa, inakatika vipande vidogo na kubaki. Kwa hiyo kinamasi cha mjini kinahitaji watu wa kutoa tope kwenye lile bwawa la kwanza kila baada ya muda, kukata matete kwa zamu na kuzoa takataka mlangoni, na kikiachwa kipokee kila kitu bila msaada kinachoka. Kuna watu wanatetea vinamasi kwa kusema "vinasafisha maji vyenyewe" na wanaishia kutoa ruhusa ya kuvimwagia chochote. Sikubaliani nao kabisa.

Harufu sasa. Ukikanyaga tope au ukilichokonoa kwa fimbo inatoka harufu ya yai viza, na mapovu yanapanda. Ile harufu ni gesi ya salfa inayotengenezwa na bakteria wa pale pasipo hewa, na mapovu mengi ni methani, gesi ambayo Mtaliano Alessandro Volta aliikusanya mwaka 1776 kwa kuchokonoa tope la kando ya Ziwa Maggiore, akaonyesha kwamba inawaka. Harufu hiyo ukiisikia pale tu tope linapochokonolewa, kinamasi kiko salama, ndo kinavyopumua. Ukiisikia imetanda juu ya maji wazi, na samaki wako juu wanahema midomo wazi, hapo kimezidiwa, uchafu umeingia mwingi kuliko hewa iliyopo, na hilo ni jambo la kupigia simu wahusika siku hiyohiyo.

Kwenye mashina ya matete, kama mkono mmoja juu ya maji, angalia vizuri utaona kitu kinafanana na mdudu mkavu ameshika shina, rangi ya udongo, mgongo umepasuka. Ni ganda, mwenyewe hayumo. Kerengende anaishi utoto wake wote ndani ya maji, miezi na kwa baadhi ya aina miaka, akiwa hana mabawa na sura haifanani kabisa na ya mkubwa, halafu siku yake ikifika anapanda shina, anashika imara, mgongo unapasuka na anatoka kerengende mzima mlaini, mabawa yamekunjamana. Ukibahatika kufika asubuhi mapema unaweza kumkuta bado yuko pale pembeni ya ganda lake, mabawa yanang'aa, anasubiri yakauke. Ndani ya ganda utaona nyuzi nyeupe nyembamba zinaning'inia, ndo zilikuwa mirija yake ya hewa, nayo kaivua. Usilitoe ganda, liache, ila lipige picha kwa karibu maana kila kucha imebaki, kila jicho limebaki.

Na hapa ndo tunafika kwenye mbu. Mtoto wa kerengende akiwa majini ni mwindaji, ana taya la chini linalokunjwa chini ya kichwa na kufyatuka mbele kushika windo, na anachokula sana ni viluwiluwi, wakiwemo wa mbu. Samaki wadogo nao wanakula. Mende wa majini nao wanakula. Kwa hiyo kwenye kinamasi kizima chenye maji yanayotembea na viumbe wa kutosha, kiluwiluwi wa mbu ana maisha magumu sana. Mbu wanaoeneza dengue wanataka maji kidogo yaliyotulia yasiyo na adui, kopo, tairi kuukuu, sahani ya chini ya ua, tangi lisilofunikwa, na wengi wa wale wanaoeneza malaria wanapenda vidimbwi vya jua, alama za matairi zilizojaa maji, mashimo ya wachimba udongo. Tangu daktari Mwingereza Ronald Ross aonyeshe mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria viko ndani ya mbu, vinamasi vingi vimekaushwa kwa sababu hiyo, na kwingine ilisaidia kweli siwezi kukataa. Ila kinamasi ukikijaza kifusi nusu na kukiacha nusu unapata vidimbwi mia visivyo na samaki wala kerengende, na hapo ndo umewajengea mbu nyumba. Kwenye njia mbu wapo, jioni hasa, vaa mikono mirefu, jipake dawa, nenda asubuhi. Haitoshi kuwa sababu ya kutokwenda.

Mbele ya matete kunafunguka, unatokea kwenye maji mapana na kibanda. Vibanda hivi vina utulivu fulani, watu wasiojuana wanakaa benchi moja wananong'ona. Kuna siku nimekaa nyuma ya mama mmoja na mwanae, mtoto kaegemeza kidevu kwenye kidirisha, mbele yetu kuna korongo wa kijivu kasimama kwenye maji ya magotini.

"Mama, mbona hasogei?"

"Anatafuta chakula, mwanangu."

"Sa atapata vipi na kasimama tu?"

Tulisubiri wote. Korongo aligeuza kichwa kidogo sana upande, kama mtu anayesikiliza, akasogeza mguu mmoja mbele bila kutingisha maji, vidole vikaingia kwanza ndo mguu ukafuata, akatulia tena. Halafu shingo ikaenda na kurudi, hivi hivi tu, samaki yuko mdomoni, na mtoto akapiga kelele benchi zima likacheka. Shingo ya korongo ile ukiiona imekunjika kama herufi S sio pozi, pingili ya 6 ya shingo yake ni ndefu na imeumbwa tofauti na nyingine, hapo ndo shingo inapojikunja na kufyatukia. Na kuna jambo jingine ambalo yule mtoto siku moja atafundishwa darasani, mwanga ukitoka majini kuja hewani unapinda, kwa hiyo samaki hayupo pale anapoonekana, yuko chini zaidi. Ndege hawa wanalifidia hilo wakipiga. Jaribu wewe kuchoma jani lililozama kwa fimbo kutoka pembeni uone ilivyo ngumu.

Usiishie kwa wakubwa wanaoonekana kirahisi. Angalia ukingo wa tope, wale ndege wadogo wa kahawia wenye miguu mirefu wanaokimbia wakidona dona, ambao hakuna anayewapiga picha. Wengi wao ni wasafiri. Kati ya ndege wa ukoo huo yupo mmoja mchanga aliyefungwa kifaa cha setilaiti akaruka kutoka Alaska mpaka Tasmania mwaka 2022, kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua hata mara moja. Wengine hawawezi safari ya namna hiyo, wanakwenda kwa vituo, na kituo kikikosekana hakuna pa kula na mbele hawafiki. Kinamasi cha Mai Po kiko pale Hong Kong, upande wa pili wa maji ni maghorofa ya mji wa Shenzhen, na bado ndege kwa maelfu wanatua kila msimu kwenye tope lile wakiwa katikati ya safari kati ya Siberia na Australia. Kwa ndege aliyechoka kinamasi cha mjini ni kituo kama kingine chochote, kuwepo kwa mji pembeni sio hoja yake, hoja yake ni tope lina minyoo au halina.

Nimesema fuata maji na kuna mtu aliyeyafuata kikweli. Dhrubajyoti Ghosh alikuwa mhandisi wa serikali kule Kolkata, India, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alipewa kazi ya kujua maji taka ya ule mji mkubwa yanaishia wapi. Akayafuata kuelekea mashariki, akakuta yanaingia kwenye mabwawa mapana ya kina kifupi ambako wavuvi na wakulima walikuwa kwa vizazi wanayaacha yapigwe jua mpaka mwani na bakteria wayasafishe, halafu wanafugia samaki, na yanayotoka wanamwagilia mboga. Mji ulikuwa unasafishiwa maji na watu ambao hakuna aliyewajua kama ndo wanafanya hiyo kazi. Ghosh alitumia maisha yake yaliyobaki kuchora mipaka na kupigania lile eneo, kama hekta 12,500, na mwaka 2002 likaingizwa kwenye orodha ya Ramsar, orodha ya dunia ya vinamasi vya kulindwa. Mi huyu mtu namheshimu sana, maana angeweza kuandika ripoti kwa kukaa ofisini.

Ramsar ni mji wa Iran ambako mkataba wa kulinda ardhioevu ulisainiwa tarehe 2 Februari 1971, ndo maana siku ya ardhioevu duniani ni tarehe hiyo. Ripoti ya mkataba huo ya 2018 ilisema kati ya 1970 na 2015 dunia ilipoteza kama asilimia 35 ya ardhioevu asilia, mara tatu ya kasi ya misitu kupotea. Misitu ikikatwa watu wanalia, na ni haki walie, lakini kinamasi kikifukiwa mara nyingi watu wanapiga makofi kwa sababu wanaona eneo limesafishwa. Mwaka huohuo wa 2018 mkataba ulianza kutambua miji inayotunza ardhioevu zake, ya kwanza ilikuwa 18, mmojawapo Colombo ya Sri Lanka, mji mkubwa wenye vinamasi ndani yake kabisa, na kwa Afrika ilikuwa Mitsinjo ya Madagaska na Ghar el Melh ya Tunisia. Kigali wamefufua kinamasi cha Nyandungu, zaidi ya hekta 120, na mwaka 2022 wakakifungua watu watembee na kuendesha baiskeli. London walichukua mabwawa 4 ya zege ya tangu enzi za Malkia Victoria ambayo hayakuhitajika tena wakayageuza kinamasi, kikafunguliwa mwaka 2000, kwa hiyo hata ambapo zege ilishamwagwa panaweza kurudishwa. Na Kampala kipo cha Nakivubo, ambacho maji machafu ya mji yanapita kabla hayajafika kwenye ghuba ileile ya Ziwa Victoria mji unakochota maji ya kunywa, na kimekuwa kikimegwa kwa kulima na kujenga miaka nenda rudi. Kila kinachomegwa pale kinalipwa kwenye mtambo wa kusafishia maji, kwa dawa zaidi na umeme zaidi.

Kuhusu njia zenyewe nina maoni makali kidogo. Sipendi njia inayozunguka kinamasi chote. Mchoraji akishapewa ramani anatamani kuzungusha duara, ili mtu akimbie au aendeshe baiskeli bila kurudi nyuma, na matokeo yake ndege hana upande hata mmoja wa kukimbilia, akiruka hapa anatua mbele ya mtu mwingine. Ndege anayeatamia akiinuliwa mara nyingi mayai yanapoa au yanapigwa jua au yanaibiwa. Upande mmoja uachwe kabisa, usifikike, hata watafiti waombe ruhusa. Taa za usiku pia, ziwe chini ya magoti na zizimwe mapema au zisiwepo, maana wadudu wanaotoka majini usiku wanavutwa na taa wanazunguka mpaka wanakufa, na popo na vyura waliokuwa wanawategemea wanabaki na njaa. Daraja la mbao liwe juu vya kutosha mwanga uingie chini mimea iote, na liwe na ukingo mdogo pembeni wa kuzuia gurudumu la kiti cha walemavu lisiteleze, na vidirisha vya kibanda viwepo na vya chini kwa ajili ya watoto na walio kwenye viti, sio vyote kwa kimo cha mtu mzima aliyesimama. Muziki wa spika acha nyumbani. Mkate usiwape bata, unawajaza bila kuwalisha na unaobaki unaoza majini na kumaliza oksijeni ileile niliyokuwa naieleza kule kwenye matete.

Mwisho wa maji ndo sehemu nyingine isiyopigwa picha. Kuna kizuizi kifupi cha zege au mbao kinachoshikilia kina, maji yanamwagika juu yake kwa utando mwembamba, na mara nyingi unaweza kuona changarawe ya chini. Linganisha na ulichokiona bombani, yaani linganisha kweli, chukua glasi au chupa angavu uchote huku na uwe umechota kule, uziweke pamoja dhidi ya karatasi nyeupe. Usinywe, maana kuonekana safi sio kuwa salama, vijidudu havionekani. Lakini tope limebaki nyuma na mtu yeyote anaona.

Na pale karibu na kizuizi huwa kuna ubao wa kupimia kina umechorwa namba. Usome, halafu geuka uangalie mashina ya matete yaliyo karibu, utaona mstari wa tope lililokauka juu kuliko maji ya leo, na vipande vya mifuko vimening'inia, wakati mwingine kifuani kwako, wakati mwingine juu ya kichwa. Huo ndo usawa wa maji siku ya mvua kubwa ya mwisho. Tazama upana wa kinamasi chote ukiwa umeinua mkono kwenye usawa wa ule mstari, ujaze kichwani nafasi yote iliyopo kati ya maji ya leo na pale mkono ulipo. Maji yote hayo yalikuja kwa masaa machache, yakakaa hapa, yakatolewa kidogo kidogo kwa siku kadhaa kupitia kile kizuizi. Yangekosa pa kukaa yangeshuka yote kwa pamoja kwenye mitaa ya chini, na watu wa mitaa ya chini wanajua maana yake kuliko mimi. Nikisikia mtu anasema lile eneo liko tupu tuliendeleze natamani nimshike mkono nimlete asimame kwenye ule ubao asome namba.

Kwa anayetaka kwenda, siku nzuri kuliko zote ni siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, asubuhi jua linapochomoza. Maji bado yako juu, unaona kinamasi kimejaa kikiwa kazini, jani lako kule bombani litakimbia kwelikweli, na ndege wanakula kwa fujo maana minyoo na wadudu wamesombwa wakaletwa. Vaa viatu vya kushika vizuri, mbao zikilowa zinateleza, hasa zenye utando wa kijani. Beba darubini kama unayo, kama huna kibandani watu wanaazimana. Ukikuta daraja limefungwa kwa sababu maji yamelifunika usiruke kamba, zunguka mpaka kwenye kizuizi uangalie ubao unasoma ngapi, uandike, na ukirudi kiangazi uandike tena.